Mikono ya Clotilda

Kama kuna kitu ambacho Celestini wa Mugoma alikuwa akijivunia duniani, ni miguu yake. Si kwa uzuri, maana ilikuwa miguu ya mkulima tu, mipana, vidole vimeachana kila kimoja na njia yake. Aliijivunia kwa kazi. Ndizi zikishavundikwa shimoni zikaiva, zikamenywa na kumiminwa kwenye mtumbwi wa kukamulia pamoja na nyasi, watu wengine huzikanyaga kama wanaokimbizwa. Celestini alizikanyaga polepole, kisigino kwanza, huku akipiga soga na yeyote aliyepita, mpaka maji yakatoka mazito na matamu. Mtama wa kuchachulia alikuwa akiukaanga mwenyewe, hamwachii mtu, mpaka ukawa mweusi kama kahawa. Rubisi yake, yaani pombe hiyo ya ndizi, ulikuwa ukiitambua kwa rangi kabla hujaionja, na waliokuwa na wivu walisema ameiunguza.

Ugonjwa ulimwingia mwaka aliomzika mama yake. Ulianzia kwenye viwiko, ukaja magotini, ukapanda kichwani chini ya nywele, kisha ukatandaza mkeka wake mgongoni. Yalikuwa mabaka mazito, meusi kuliko ngozi yake, juu yana magamba meupe yanayopukutika kama pumba za mahindi. Akivua shati, sakafu inakuwa nyeupe. Kwanza alijisugua kwa jiwe na sabuni ya unga, akidhani ni uchafu unaotaka ukali, na mabaka yakazidi kuchanua. Kisha akauziwa tyubu mnadani na mtu mwenye kipaza sauti, dawa inayoponya kila kitu kuanzia mba hadi mikosi. Ilimsafisha kweli, akatamba nayo mpaka kanisani. Alipoiacha, ugonjwa ulirudi na jamaa zake wote.

Watu wakaanza kusema. Wengine walisema ukoma, wengine walisema amerogwa na mwenye wivu wa rubisi yake. Hayo aliyavumilia. Alichoshindwa kuvumilia kilimpata msibani, kule Murusagamba kwa shemeji zake. Wanaume walikuwa wamekaa kuzunguka mtungi, mirija inapita mkono kwa mkono, na yeye akasogea na kigoda chake kama siku zote. Kijana mmoja akamletea kikombe cha plastiki, chake peke yake.

"Baba, wewe kaa hapa, pana hewa," kijana alimwambia kwa adabu kabisa.

Celestini alikunywa. Alipokwenda msalani kabla ya kuondoka, alikikuta kile kikombe kimetupwa chooni, kimeelea juu. Alirudi nyumbani hasemi. Clotilda, mke wake, ndiye aliyemtoa neno mdomoni, na alipolisikia alilia kuliko yeye, akafunga kanga kiunoni na kusema, "Baba Irine, kesho tunakwenda hospitali, mimi na wewe. Haiwezekani mtu akufanye hivyo nikiwa hai."

Hayo maneno yakumbuke, maana Celestini aliyakumbuka.

Walikwenda. Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke mfupi mwenye haraka, lakini alipofika kwenye kiwiko cha Celestini haraka yake iliisha. Alikishika kwa mkono mtupu, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, na aliendelea kukishika muda wote aliokuwa akiongea.

"Hii inaitwa soriasisi," alisema. "Ni mwili wenyewe unaotengeneza ngozi kwa haraka kuliko inavyotakiwa. Haiponi ikaisha moja kwa moja, nisikudanganye, lakini inatulizwa, na ukiitunza vizuri unaweza kukaa muda mrefu huna hata doa." Kisha akamgeukia Clotilda. "Na haiambukizi, mama. Haiambukizi kwa mkono, wala kwa kikombe, wala kwa kitanda. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, daktari," Clotilda alijibu.

"Mgongoni hataweza kujifikia. Utampaka wewe."

"Nitampaka," alisema Clotilda.

Celestini aliuliza jambo moja tu. Aliuliza kama anaweza kuendelea kukanyaga ndizi. Daktari alimwambia avue viatu, akamkagua nyayo na katikati ya vidole. Chini ya vifundo vya miguu hakukuwa na baka hata moja, ni kama ugonjwa ulikuwa umeiheshimu ile miguu. Akamwambia akanyage, ila kama kuna mpasuko asubiri upone, na akimaliza aoshe kwa maji safi na kupaka mafuta. Ila pombe aache kunywa, na sigara aache, maana zote mbili huuchochea ugonjwa. Na asikae na jambo moyoni. Huzuni na hasira vikilala na mtu, alisema, ngozi ndiyo inayoamka navyo.

Walitoka na dawa ya kupaka, na kopo kubwa la mafuta mazito yasiyo na manukato, na maelekezo ambayo Celestini aliyashika kuliko alivyowahi kuishika katekisimu. Jiwe la kujisugulia alilitupa. Sabuni ya unga akaiachia nguo. Alioga maji ya vuguvugu, bila kukaa sana, akajikausha kwa kujigusagusa na kanga kuukuu badala ya kujisugua, na kabla ngozi haijakauka kabisa akajipaka mafuta. Kucha alizikata fupi ili asijikune usingizini. Shambani alivaa mikono mirefu, maana kila mkwaruzo wa jani la hindi uligeuka kuwa baka jipya. Asubuhi alivua shati na kukaa kidogo nyuma ya jiko, mgongo kwenye jua, na kabla halijawa kali akarudi kivulini. Majirani walimcheka. Mkamuaji wa rubisi asiyeinywa, walisema, huyo ni padri wa namna gani? Celestini alicheka nao na kuendelea kunywa uji.

Na jioni, baada ya kuoga, alikaa kwenye kigoda chumbani, uso ukutani, na Clotilda akampaka mgongo. Huo ndio ulikuwa wakati wake mzuri wa siku. Clotilda alikuwa sauti ya pili kwenye kwaya ya kigango, na kila alipompaka aliimba, wimbo mmoja ukiisha anadakia mwingine, mkono unazunguka mabegani na kushuka kiunoni. Mikono ya Clotilda ilikuwa ya jembe. Ukisalimiana naye ungedhani umeshika gome la mti. Lakini mgongoni kwa Celestini ilikuwa laini, inateleza, haina hata kona, na Celestini, ukuta mbele yake, alikuwa akijiambia kwamba mkono wa mtu anayekupenda hubadilika unapokugusa. Hakuwahi kulisema hilo kwa sauti. Alikuwa mwanaume wa Mugoma, angelisemaje.

Mabaka yalikonda. Kwanza kichwani, halafu magotini, halafu viwiko vikabaki na kivuli tu. Ndipo Irine, binti yao wa kwanza, anayefundisha chekechea Biharamulo, alipoleta habari kwamba kuna Wiston, na kwamba Wiston ana wazazi, na kwamba wazazi wanataka kuja.

Sasa, kwenye ukoo wa Celestini lipo jambo moja ambalo halina mjadala. Wakwe wakija kumaliza maneno, rubisi ya siku hiyo hukanyagwa na baba wa binti, kwa miguu yake. Mtungi unawekwa katikati. Baba wa kijana anauliza mbele ya watu wote, "Hii imekanyagwa na nani?" Baba wa binti anajibu, "Na mimi." Ananyonya kwanza, waone kwamba hakuna baya ndani yake, kisha anampa mwenzake mrija uleule, na mwenzake anaupokea bila kuufuta. Hapo ndipo watu wanapokuwa ndugu. Mahari, chakula, picha, hayo mengine yote ni mbwembwe.

Celestini alikuwa amelifikiria jambo hilo tangu siku ya kile kikombe. Mwaka mzima wa uji na mikono mirefu juani, ukimuuliza ulikuwa kwa ajili ya nini, hakusema kwa ajili ya afya. Alitaka kumpa mtu mrija auone ukipokewa.

"Mama Irine," alisema jioni moja, uso ukutani, "unadhani watanipokea?"

"Kwa nini wasikupokee? Umekuwa kama mtoto mchanga," Clotilda alisema, akaendelea kuimba.

Akavundika ndizi. Akakaanga mtama wake mweusi. Alhamisi akanawa miguu mbele ya kila aliyetaka kuona, akaingia mtumbwini na kukanyaga kisigino kwanza, mpaka jasho likamtoka puani. Clotilda alisimama pembeni akimpa maji ya kunywa na kumsifia. Walichuja, wakatia mtama, wakafunika kwa majani ya migomba. Ijumaa Celestini alishinda kigangoni akiazima mabenchi na turubai, akarudi jua linazama, hoi, akaoga, akapakwa, akalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi yake.

Jumamosi asubuhi aliingia shambani kukata majani mabichi ya kutandika mezani, na huko ndiko alikowakuta kuku wake wamelewa.

Hakuna neno jingine. Jogoo alikuwa ameegemea mgomba, jicho moja limefumba, anajaribu kuwika na sauti haitoki. Matetea wawili walikuwa wakipepesuka, wanaanguka, wanainuka na kuangaliana kama wanaotukanana. Celestini alicheka peke yake. Alicheka mpaka akainama, na alipoinama ndipo aliposikia nyuki. Walikuwa wametanda chini, kwenye kishimo kati ya migomba mitatu, mahali udongo ulipokuwa umelowa na kutoa povu. Juu ya udongo yalikuwa machicha. Aliyachukua kwa vidole. Yalikuwa meusi kama kahawa.

Alikwenda mbio kwenye mtumbwi, akafunua majani, na mtumbwi ulikuwa umejaa mpaka ukingoni. Kwa sekunde moja alijiona mjinga. Kisha akaona rangi. Ilikuwa rubisi nyeupe-nyeupe, ya njano ya mkojo wa ndama. Alichovya kidole akalamba. Hii ilikuwa ya Niyonzima, jirani yao wa bondeni, ambaye mtama wake haujawahi kukaa motoni ukatosha hata siku moja. Mtumbwi wake ulikuwa umemwagwa na kujazwa rubisi ya mtu mwingine, yeye akiwa kigangoni anabeba mabenchi.

Alimkuta Clotilda jikoni kati ya wanawake waliokuja kumsaidia, mikono ndani ya unga.

"Mama Irine, njoo huku."

Walisimama nyuma ya jiko, pale pale anapoota jua. Hakupiga kelele. Watu waliomfahamu Celestini walisema ni bora akupigie kelele.

"Nani kamwaga rubisi yangu?"

Clotilda alijifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. Hakukana, na kwa hilo tu mtu anaweza kumpa haki yake. "Mimi," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya Irine. Watu wanaongea, Baba Irine. Wewe huwasikii, mimi ndiye ninayekwenda kisimani. Adventina aliniuliza juzi mbele za watu, hivi kweli mtawanywesha wageni wa Biharamulo maji ya miguu ile? Nikaona, wakwe wakija, mtu mmoja akawanong'oneza, mtoto wetu anakataliwa. Nikaenda kwa Niyonzima. Hakuna anayejua, ni mimi na yeye tu."

"Miguu yangu haina kitu. Daktari aliikagua mbele yako."

"Najua."

"Na hata ingekuwa nacho, ugonjwa wenyewe hauambukizi. Alikugeukia wewe akakuambia."

"Najua, Celestini. Si mimi. Ni watu. Mimi ningekuwa naogopa, ningekugusa? Nani anakupaka kila jioni? Kuna mwanamke mwingine hapa Mugoma angefanya hivyo?"

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa," Celestini alisema, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka, kwa sababu lile neno lilikuwa limemwingia. Ni kweli, alimpaka. Kila jioni, akiimba. Mtu anayekupaka kila jioni akikukosea mara moja kwa kuogopa midomo ya watu, utamfanyaje? Maumivu hayakuondoka, yalikaa palepale kifuani, lakini alipata mahali pa kuyaegemeza. Kosa lilikuwa la Adventina. Lilikuwa la kisima, la Mugoma nzima, si la nyumbani mwake.

"Ukiulizwa, sema ni yako," Clotilda alisema kwa upole. "Neno moja tu. Kwa ajili ya mtoto."

Wakwe walifika kabla ya saa sita, na gari lao limevaa vumbi la barabara kutoka juu mpaka chini. Mzee Mihayo, baba wa Wiston, alikuwa mrefu, mkimya, mwenye kofia asiyoivua isipokuwa kwa sala. Irine alikuwa ametangulia tangu asubuhi, anapita huku na huku na gauni la kitenge, akimtazama baba yake kila mara na kutabasamu. Celestini alivaa shati jeupe la mikono mifupi. Alikuwa amelinunua makusudi, watu wavione viwiko.

Maneno yalikwenda vizuri. Yalizunguka, yakatania, yakaomba radhi, yakafika yanakotakiwa. Kisha mtungi ukaletwa katikati, na mrija mmoja mrefu. Clotilda alisimama mlangoni mwa jiko.

Mzee Mihayo akakohoa. "Hii imekanyagwa na nani?"

Celestini alitazama ndani ya mtungi. Ile njano ilimtazama. Alimwangalia Clotilda, na Clotilda akatikisa kichwa kidogo, kwamba ndiyo, sema. Lilikuwa neno moja kweli. Akaona kwamba akilisema, atautoa ule mrija, na utapokewa kutoka kwake, na itakuwa ni miguu ya Niyonzima iliyopokewa. Yeye atakuwa bado ana kikombe chake cha plastiki.

"Si mimi," alisema. "Yangu iko shambani. Waulizeni kuku."

Watu walicheka, maana jogoo alikuwa kweli amejitokeza kwenye uwanja anatembea upande upande. Mzee Mihayo hakucheka.

"Sijaelewa, ndugu yangu."

"Nilikanyaga yangu Alhamisi. Ikamwagwa, kwa sababu ya ugonjwa wangu wa ngozi. Ilionekana mtachukia. Hii ni ya jirani, nzuri tu, ina mtama mbichi kidogo." Kisha akaongeza, "Sikutaka kuanza undugu na uongo."

Mzee Mihayo alimgeukia Irine, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya mabenchi, mkono mdomoni. "Binti, hukuwaambia kwamba ulituambia?"

"Sikudhani kuna haja, baba," Irine alisema, na machozi yalikuwa yameshafika. "Nilidhani ni jambo la kawaida."

"Alituambia siku ya kwanza alipokuja kwetu," Mzee Mihayo alisema kwa Celestini. "Tena kwa majivuno. Baba yangu ana soriasisi, ameacha pombe, anaota jua kama mjusi, na rubisi yake haina mfano. Kaka yangu mkubwa aliishi na ugonjwa huohuo mpaka uzee, tumekula naye sahani moja na sote tuko hivi unavyotuona. Mimi njia nzima kutoka Biharamulo nimekuwa nikiiwaza hiyo rubisi." Aliusogeza mtungi kidogo kwa mguu. "Hii nitainywa, nina kiu. Lakini ile nyingine nakudai. Anza."

Celestini akanyonya kidogo, kiasi cha kulowesha ulimi, akampa mrija. Mzee Mihayo aliupokea, akautia mdomoni bila kuufuta. Vigelegele vilipanda. Celestini alikuwa ameingoja sauti hiyo mwaka mzima, na alipoipata alisikia furaha kweli, ila ilikuwa na shimo katikati. Watu wa mbali, wa kofia na vumbi, hawakumwogopa. Alimtafuta Clotilda kwa macho mlangoni mwa jiko. Mlango ulikuwa mtupu.

Wageni waliondoka jua likiwa bado juu ya vilima. Celestini alioga mapema, kwa uchovu, na Clotilda alikuwa bado anaosha masufuria na wanawake, hivyo akaona achukue mafuta mwenyewe ajipake pale anapofikia. Kopo lilikaa kwenye kikapu kidogo kilichotundikwa upande wa Clotilda wa kitanda. Kwa mwaka mzima hakuwahi kukigusa, maana kila jioni Clotilda ndiye aliyelitoa na ndiye aliyelirudisha. Alilitoa kopo. Chini yake palikuwa na nailoni za mkate.

Zilikuwa kadhaa, zimekunjwa vizuri, moja juu ya nyingine. Alidhani ni za kufungia kitu. Akaichukua ya juu, na ilikuwa inateleza kwa mafuta. Akaikunjua. Ndani ilikuwa kavu, safi. Nje ilikuwa imepakwa mafuta yake, yale yale yasiyo na manukato, na ndani ya mafuta yalikuwa yameganda magamba yake meupe. Ilikuwa bado imeshika umbo la vidole.

Celestini alikaa kitandani. Alikumbuka nyimbo. Nailoni ikisuguliwa hupiga kelele, yule anayeimba sauti ya pili alilijua hilo. Alikumbuka ule ulaini, usio na kona, na alivyojiambia uongo mtamu uso ukiwa ukutani. Si Adventina aliyemwogopa. Si kisima. Kikombe cha plastiki hakikuwa Murusagamba, kilikuwa chumbani kwake, kila jioni, na aliyekibeba ndiye aliyemlilia. Kumwagwa kwa rubisi kulimuuma. Hili halikumuuma kwanza, lilimtia baridi, halafu aibu, kama kwamba yeye ndiye aliyekamatwa na kosa.

Clotilda aliingia akijifuta maji. Alimwona, akaiona nailoni mkononi mwake, akasimama.

"Tangu lini?" Celestini aliuliza.

Clotilda akasema, "Nilisema nitaacha. Kila wiki nilisema. Nilimsikia daktari, nilimwelewa, Baba Irine, kichwa kilielewa. Mkono ukakataa."

"Tangu lini, Clotilda?"

Hakuwahi kumwita kwa jina tangu Irine azaliwe. Clotilda aliangalia chini. "Tangu siku ya kwanza."

Celestini aliikunja nailoni kama alivyoikuta, akairudisha kikapuni. Aligeuka akakaa kwenye kigoda chake, uso ukutani, labda kwa mazoea, labda kwa sababu hakutaka kuonekana. Nyuma yake alisikia kopo likifunguliwa. Alisikia Clotilda akipumua kwa nguvu, kama mtu anayetaka kuingia kwenye maji baridi. Hakuimba.

Kisha mkono ukamgusa katikati ya mabega, mtupu. Ulikuwa mkavu na mgumu, wa jembe, una nyufa, na ukamkwaruza. Celestini alikaa nao kidogo, akiusikiliza, kama unavyomsikiliza mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

"Huu mkono siujui," alisema.

Alisimama, akalichukua kopo mkononi mwa Clotilda, polepole, bila kumtazama, akatoka nalo mpaka nyuma ya jiko. Jua lilikuwa limebaki kidogo. Alikaa pale, akajipaka viwiko, akajipaka magoti, akajipaka miguu yake taratibu, kisigino kwanza. Mgongo ulikuwa umeanza kumwasha. Alijaribu kuufikia kwa juu, akajaribu kwa chini, na katikati pakabaki pakavu.